Muziki mtulivu si dawa ya usingizi

Tunapozungumzia muziki, sifa karibu zote tunazozitoa ni za mwendo. Wimbo mzuri ni ule unaowanyanyua watu vitini, unaojaza uwanja, unaomfanya dereva wa daladala aongeze sauti ya redio bila kuombwa. Muziki wa kutuliza nao husifiwa, lakini kwa namna nyingine kabisa: unafaa kulalia, unafaa kusomea, unapunguza mawazo, unambembeleza mtoto. Husifiwa jinsi dawa inavyosifiwa, kwa kile unachomfanyia mtumiaji, na ni nadra mtu kuuliza umetengenezwaje, na nani, na kwa uamuzi gani. Hoja yangu ni kwamba mazoea haya yanatupunja. Utulivu katika muziki hutengenezwa, tena kwa jasho lile lile linalotengeneza shamrashamra, na anayeumeza kama kidonge anaiacha mezani sehemu kubwa ya alichoandaliwa. Ushahidi wangu mkuu ni albamu moja, Watermark, aliyoitoa mwimbaji wa Ireland aitwaye Enya mnamo Septemba 1988. Nimeichagua kwa sababu ndiyo ngumu zaidi kuitetea: imeuza nakala zaidi ya milioni 10, imepigwa kwenye lifti, saluni na vyumba vya kusubiria daktari wa meno, na kwa watu wengi ndiyo mfano halisi wa muziki wa kusinzilia. Kama hata hii ina kazi ndani yake, basi tatizo liko kwenye masikio yetu.

Kwanza tujue ilikotoka. Enya alizaliwa mwaka 1961 Gweedore, katika jimbo la Donegal, kaskazini magharibi mwa Ireland, sehemu ambako Kiairishi bado ni lugha ya nyumbani na ya sokoni. Mama yake alikuwa mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya ya kanisa, baba yake alikuwa na baa ambamo muziki haukukatika, na ndugu na wajomba zake ndio waliounda kundi la Clannad. Enya aliimba na kupiga kinanda katika kundi hilo kuanzia mwaka 1980, na mwaka 1982 akatoka pamoja na watu wawili: Nicky Ryan, aliyekuwa msimamizi wa sauti, na mkewe Roma Ryan. Tangu hapo kazi iligawanywa kwa watatu. Enya hutunga mahadhi, huimba na kupiga ala. Nicky hushughulikia sauti studioni. Roma huandika mashairi. Walianzia kwenye studio ndogo nyumbani kwa akina Ryan, mtaa wa Artane, Dublin. Nicky alivutiwa na ukuta wa sauti wa prodyuza wa Marekani Phil Spector na uimbaji wa kundi la Beach Boys, akawa na wazo ambalo wakati huo lilionekana la ajabu: je, ukuta wa namna hiyo unaweza kujengwa kwa koo la mtu mmoja?

Hapa ndipo inapofaa kusogea karibu na maikrofoni. Mwimbaji anaimba mstari mmoja wa kiitikio, wa sekunde chache tu. Mkanda unarudishwa, anauimba tena ule ule huku akijisikiliza kwenye hedifoni. Unarudishwa tena, anaimba tena. Akimaliza sauti ya kwanza anahamia ya pili, kisha ya tatu, kisha anashuka hadi sauti ya chini kabisa ambayo kwaya ingempa mtu wa besi. Katika baadhi ya nyimbo zao tabaka hizi zilifika mamia. Miaka ile mashine za kunakili kipande cha sauti na kukirudia zilikuwa tayari zimeshaingia studioni, na njia ya mkato ilikuwepo. Waliikataa, tena kwa sababu ya kiufundi kabisa. Nakala mbili zinazofanana kwa kila kitu zikipigwa pamoja hutoa sauti ile ile ikiwa na nguvu zaidi, basi. Lakini binadamu hawezi kuimba mstari mara mbili sawasawa: mara hii amechelewa kwa chembe ya sekunde, mara ile ameishusha noti kwa kiasi ambacho sikio linakihisi lakini haliwezi kukitaja. Tofauti hizo ndogo zikikutana ndizo zinazoleta upana, lile wingu la sauti ambalo msikilizaji hudhani ni mashine. Kumbe kinachosikika ni kasoro ndogo za binadamu, zilizokusanywa kwa subira.

Subira peke yake isingetosha, maana kasoro zikizidi kazi yote inaharibika. Kila mwalimu wa kwaya anajua tabu ya kuwafanya waimbaji arobaini wafungue irabu kwa upana mmoja na kuifunga konsonanti kwa wakati mmoja. Sauti nyingi zikitofautiana kidogo tu kwenye s au t, kiitikio kizima husikika kama changarawe zinazomwagwa juu ya bati. Enya alilazimika kuwa waimbaji wote hao na kuwasubiri wote, akikumbuka alipumulia wapi katika tabaka lililotangulia. Kisha kulikuwa na kikomo cha vifaa. Mkanda una njia chache za kurekodia, kwa hiyo sauti nyingi zilibidi zichanganywe na kuwekwa pamoja ili kuzipisha nyingine, na zikishachanganywa hazitenganishwi tena. Uamuzi wa leo ulikuwa unafunga mlango wa kesho. Ndiyo maana Watermark ilichukua takriban miezi kumi, kwanza Dublin, kisha London, ingawa nyimbo zake 11 za mwanzo zinamalizika ndani ya dakika 40 hivi. Ukiigawa miezi hiyo kwa dakika hizo utaona kwamba utulivu huu ulikula muda ambao nyimbo nyingi za kelele hazijawahi kupewa.

Ufundi wa pili ni wa kuacha. Albamu inafunguka kwa kipande cha piano kisicho na maneno, kifupi, kisicho na haraka, na mwimbaji ambaye jina lake liko kwenye jalada hasikiki akiimba neno hata moja. Ngoma zinapokuja zinakuja kwa sababu, na zinapoondoka pengo lake linasikika. Hata "Orinoco Flow", wimbo ulioitambulisha albamu hii duniani, umesimama juu ya kitu kidogo mno: milio mifupi ya nyuzi zinazodonolewa, iliyotoka kwenye kinanda cha umeme cha Roland D-50, ikifuatana bila kupumzika huku sauti zikipanda na kushuka juu yake. Wimbo huo ulitungwa kazi ikiwa inakaribia mwisho, baada ya Rob Dickins, mkuu wa kampuni ya Warner nchini Uingereza aliyemsajili Enya, kuulizia wimbo wa kutolewa peke yake. Jina lake lilitokana na studio ya Orinoco ya London walikokuwa wakirekodi. Mwishoni mwa Oktoba 1988 ulifika kileleni mwa chati ya Uingereza, ukakaa huko majuma matatu. Anayedhani wimbo huo umelala aufuatilie ule mdonoo wa nyuzi kwa kidole mezani. Kasi yake ni ya wimbo wa kuchezwa. Kilicho tulivu ni jinsi sauti zinavyokataa kuikimbilia.

Ama kuhusu maudhui, anayesikiliza akiwa nusu usingizini atashangaa akijua amekuwa akilalia nini. "Cursum Perficio" umeimbwa kwa Kilatini, na jina lake, lenye maana ya kuikamilisha safari, ni maneno yaliyokuwa kwenye kigae mlangoni pa nyumba ya mwisho ya Marilyn Monroe, ile alimofia mwaka 1962. "Evening Falls..." umetokana na kisa cha mzuka: mwanamke anaota nyumba fulani kila mara, siku moja anaifikia kweli, kisha anagundua kwamba wenyeji wanamfahamu kwa sababu yeye ndiye kivuli kinachowatokea. "Exile" unahusu ughaibuni na upweke. "Na Laetha Geal M'Óige", wimbo wa Kiairishi unaofunga toleo la kwanza, unazililia siku angavu za ujana zisizorudi tena. Mauti, mizuka, uhamisho na uzee: hiyo ndiyo orodha ya mambo katika albamu tunayoiita ya kupumzisha akili. Utulivu wake haukuja kwa kuyakwepa mambo mazito. Umekuja kwa kuyasema bila kupaza sauti, na wahenga walishatuonya kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Wapo watakaosema huu si muziki, ni ujanja wa studio. Mwimbaji wa kweli husimama jukwaani. Ni kweli kwamba Enya hajawahi kufanya ziara ya matamasha ya muziki wake. Lakini pingamizi hili likikubaliwa litamwangusha hata mtu tunayejivunia kuwa wa kwetu. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, alijenga sehemu ya kati ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975 kwa kurundika sauti yake na za wenzake wawili wa kundi la Queen, tabaka juu ya tabaka, hadi zikawa kwaya ya opera. Jukwaani sehemu hiyo haikuwezekana. Walichofanya ni kutoka jukwaani, mkanda ukapigwa, kisha wakarudi kwa kishindo cha magitaa. Hakuna anayesema Mercury hakuwa mwanamuziki wa kweli. Studio ni ala kama ala nyingine, nayo ina mafundi na ina wababaishaji. Swali la haki ni kama aliyeipiga alijua anachokitafuta, na mtu aliyeimba mstari mmoja tena na tena kwa sababu nakala ya mashine ilikuwa nyembamba mno kwa sikio lake, huyo alijua.

Pingamizi la pili linahusu lugha. Msikilizaji wa Kiswahili amelelewa kuuthamini muziki kwa maneno: fumbo la taarab, mawaidha ya dansi, mchano wa bongofleva. Atapata nini katika albamu iliyochanganya Kiingereza, Kiairishi na Kilatini, tena maneno yenyewe yamezama ndani ya mwangwi? Jibu liko kwenye kabati zetu za kaseti. Kwa miongo mingi watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wameimba nyimbo za Kilingala kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujua nusu ya wanachokisema, na hakuna aliyewaambia kwamba hawajausikia muziki. Walisikia jinsi sauti mbili zinavyopokezana, jinsi gitaa linavyoingia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Sikio hilo tunalo. Tumezoea tu kulitumia muziki unapotuita tucheze, na kulizima unapotuita tukae. Tena kuna jambo la kututia moyo hapa: Enya hakuitupa lugha ya utotoni ili auze. Aliiimba kwenye albamu iliyofika nchi nyingi, na wasikilizaji ambao hawakuijua wakaipokea pamoja na mengine.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo ni la kimaadili: muziki wa namna hii ni wa kukimbia dunia. Watu wana njaa na hasira, nao wanapewa mawingu. Sikatai kwamba unaweza kutumiwa hivyo. Lakini tazama ulikotumika dunia ilipopata msiba. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, redio na televisheni za Marekani ziliuchukua wimbo mwingine wa Enya, "Only Time", uliotoka mwaka mmoja nyuma katika albamu ya A Day Without Rain, zikaupiga pamoja na picha za mkasa ule. Toleo lake jipya lilitolewa na mapato yake yakaenda kusaidia familia za wazimamoto waliokufa. Wimbo haukuandikwa kwa ajili ya siku hiyo na hauzungumzii siasa yoyote. Watu waliuhitaji kwa sababu huzuni kubwa inahitaji mahali pa kukaa kabla haijapata maneno, na wimbo wa hasira usingeipatia. Kulia kwa utaratibu si kukimbia. Misiba yetu wenyewe inalijua hilo: zipo saa za matanga ambazo kwaya huimba taratibu, na hakuna anayesema wanakwaya wamemkimbia marehemu.

Kizuri hakikosi kasoro, na utetezi usiotaja kasoro ni tangazo la biashara. Ndani ya Watermark umo wimbo uitwao "Storms in Africa", unaoimbwa kwa Kiairishi, wenye ngoma nzito na anga lililojaa mvua. Ukiutafuta mji, mto au mtu mwenye jina katika Afrika hiyo hutampata. Ni Afrika ya kadi ya posta, dhoruba isiyo na anayenyeshewa, na msikilizaji wa huku ana haki ya kutabasamu kwa uchungu kidogo. Vilevile ufundi ukishapatikana hugeuka mazoea. Albamu zilizofuata zina nyimbo nzuri, Enya ameshinda tuzo 4 za Grammy, lakini kuna mahali ambapo tabaka za sauti zinakuja kwa kuwa zimezoeleka kuja. Kuyasema haya hakuivunji hoja yangu, bali kunaithibitisha. Dawa hatuikosoi, tunauliza tu kama imefanya kazi. Ukiweza kusema wimbo huu umetulia kwa uvivu na ule umetulia kwa nguvu, tayari umeanza kuisikiliza albamu kama kazi ya mtu.

Mtu ataniuliza: kuna ubaya gani mchovu akiweka albamu hii usiku na kulala? Hakuna. Kila muziki una matumizi yake, na usingizi mzuri ni neema. Ubaya unaanza pale matumizi yanapokuwa kipimo pekee, kwa sababu kipimo hicho hakiwezi kumtofautisha fundi na kanjanja. Leo majukwaa ya muziki mtandaoni yamejaa orodha ndefu za sauti za kutulia, saa nane mfululizo, majina ya watunzi yakiwa hayajulikani wala hayaulizwi, na sasa programu za kompyuta zinaweza kumwaga muziki wa aina hiyo bila mtu kufungua kinywa. Kama tunachodai ni utulivu tu, mashine itatosha na fundi atakufa njaa. Waliosikiliza kwa makini walipata kitu kingine. Mwaka 1996 kundi la Fugees lilichukua mgumio usio na maneno wa "Boadicea", wimbo wa Enya wa mwaka 1987, likaujengea "Ready or Not", uliosikika katika kila kona ya Afrika Mashariki. Walifanya hivyo bila kuomba ruhusa kwanza, jambo lililozua mgogoro hadi wakaelewana, lakini sikio lao halikukosea. Ndani ya sauti iliyodhaniwa ya kulalia walisikia tishio. Mwaka 2004 Mario Winans akaurudia mgumio huo huo akapata ndani yake majonzi ya mapenzi. Kitu kisicho na chochote ndani hakiwezi kuchotwa mara mbili kikatoa vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Watangazaji wa redio wanaopiga muziki mtulivu usiku wa manane wataje nani kaimba, nani karekodi na mwaka gani, kama wanavyofanya kwa nyimbo za mchana. Wahakiki wa magazeti waandike kuhusu albamu tulivu kwa vigezo vile vile vya utunzi, uimbaji na mpangilio, wala wasiishie kusema inatuliza. Walimu wa kwaya, ambao nchi hizi zimejaa, wana utajiri wa sauti usiokodishwa, na maprodyuza wetu wana kompyuta zenye njia za kurekodia nyingi kuliko alizokuwa nazo Nicky Ryan mwaka 1988. Wawili hao wakae studio moja. Naye msikilizaji aanze na kazi moja rahisi: achague wimbo mmoja wa Watermark, aachane na sauti ya juu inayojitangaza, aifuate ile ya chini kabisa mpaka mwisho bila kuipoteza. Atagundua kwamba ni kazi, na kwamba aliyeiimba alifanya kubwa zaidi. Akiisha kuifanya, na alale salama. Ila asiseme tena kwamba muziki ule hauna kitu.